Usikate Springi, Zuhura

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleykum. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa na mdogo wako ili anikuzie zile picha kwenye simu. Hapa hatujambo, ni goti tu linalonikumbusha umri. Nimeona nikuandikie badala ya kukurekodia sauti, maana nikianza kuongea habari za magari nitaishia kwa marehemu baba yako, na wewe utabaki hujajibiwa.

Umenunua Toyota Altezza ya mwaka 2001 kwa yule mzee mstaafu wa Upanga, imetembea kilomita 43,000 tu, haijaguswa hata skrubu. Fundi wako wa Tabata anataka aishushe ikae chini, aweke eksozi kubwa, na mwakani ukijipanga afunge turbo. Wenzako wa kazini wanasema ukiigusa umeiua. Unataka mama yako aseme nani yuko sawa.

Wote wanabishana juu ya gari ambalo hawajalikagua, mwanangu. Mimi angalau nimetazama picha.

Iliyonifurahisha kuliko zote ni ile ya kibati cha chasisi. Kimeandikwa SXE10. Kingeandikwa GXE10 ningejua umeuziwa ile nyingine, yenye injini ya silinda sita, 1G-FE, gari zuri la upole kama bibi harusi, ambalo vijana hulibandika nembo ya RS200, ile Altezza yenye nguvu zaidi, kwa gundi na kupandisha bei. Yako ni RS200 kweli: injini ya 3S-GE ya silinda nne, lita mbili, silinda hedi iliyobuniwa na Yamaha, gia sita za mkono. Hapo umebahatika.

Kilomita nazo nimezikagua, usinicheke. Mita haiapi kortini, inarudishwa nyuma kwa nusu saa na mtu mwenye kompyuta. Ndiyo maana nilikuomba picha ya pedali ya klachi na ya usukani. Raba ya pedali bado ina mistari yake, ngozi ya usukani haijang'aa pale mikono inaposhika, na ukingo wa kiti cha dereva, ule anaousugua kila anayeingia, haujachanika. Halafu kuna kile kibandiko cha Kijapani cha kubadilisha oili ambacho hata hukukiona, kiko kwenye nguzo ya mlango. Kinasema 31,204. Kwa hiyo mzee wako kaongeza kama elfu kumi na mbili hapa kwetu. Nimeamini.

Sasa piga hesabu. Kilomita 43,000 kwa miaka 24 ni kama kilomita tano kwa siku. Upanga hadi Kariakoo na kurudi. Hicho ndicho wenzako wanakiita gari jipya. Mimi nimeuza spea miaka thelathini na mbili, na gari la kilomita tano kwa siku naliogopa kuliko teksi. Injini haipati moto wa kutosha kukausha maji yaliyo kwenye oili. Sili zinakauka. Mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka, na chumvi ya upepo wa bahari pale Upanga haijui kama gari lilikuwa limefunikwa turubai.

Kwa hiyo kabla ya springi na eksozi, kuna mkanda wa taimingi. Uliniambia mzee hakumbuki kuubadilisha. Basi ni ule uliotoka nao kiwandani, na wenye Toyota huko Japani huubadilisha kwenye kilomita laki moja, au mapema zaidi gari likizeeka bila kutembea. Injini hii inazunguka sana, mwanangu. Mkanda ukikatika kwenye mizunguko elfu saba kwa dakika, valvu na pistoni zinakutana, na huko hakuna cha gasketi wala cha maombi. Badilisha mkanda, roli zake na pampu ya maji kwa mara moja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Kisha mipira ya breki, mipira ya mafuta, mafuta ya breki yenyewe (yananyonya unyevu hata gari likiwa limelala), bushi za miguu yote minne, na maji ya rediyeta. Tairi soma ubavuni, zile tarakimu nne za mwisho. Kwenye picha yako nimeona 3011, yaani wiki ya 30 ya mwaka 2011. Kashata zinaonekana nzima, lakini tairi hizo ni za kufungia bembea ya watoto.

Hiyo peke yake itakumalizia hela ya turbo. Na nashukuru.

Maana turbo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Fundi wako ni kijana mzuri, lakini muulize swali moja: mbano wa injini hii ni kiasi gani, yaani pistoni inaibana hewa mara ngapi kabla ya kuwaka? Ni mara 11.5. Toyota hao hao walipoitengeneza 3S ya turbo, ile 3S-GTE ya Celica na MR2, waliushusha mbano hadi kati ya 8.5 na 9. Hawakufanya vile kwa kupenda. Turbo inapoleta hewa yake ya kusukumwa ikakuta mbano mkubwa, mafuta yanalipuka kabla ya wakati, unasikia kama changarawe ndani ya kopo la maziwa. Ukiisikia siku nyingi, pistoni zimekwenda. Watu hulifanya, najua, kwa kubadilisha pistoni na kompyuta na kila kitu. Hapo unakuwa umenunua injini nyingine na kuitupa hii, na hii ndiyo sababu ya wewe kuinunua Altezza badala ya Mark II.

Eksozi nayo. Gari limetoka kiwandani na nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600. Waliokwisha kulikamua ni Toyota na Yamaha, wewe umeachiwa machicha. Bomba kubwa litakupa sauti, na sauti si dhambi, hata mimi napenda injini inayoimba. Lakini mwambie fundi wako aseme sauti, asiseme nguvu. Na usimruhusu akate lile la zamani. Lifunguliwe kwa bolti, lifungwe gunia, lipandishwe juu ya kabati.

Sasa springi. Hapa naomba univumilie kwa marehemu baba yako.

Unaikumbuka Datsun 120Y ya bluu? Huikumbuki, ulikuwa mdogo, lakini ndiyo iliyokuleta nyumbani kutoka hospitali. Baba yako aliinunua kwa mwalimu mstaafu, safi hivyo hivyo kama ya kwako, mwalimu alikuwa akienda nayo shule na msikitini basi. Wiki mbili hazijapita, akaingiwa na shetani wa kuishusha. Siku hizo hakukuwa na springi fupi za kununua dukani. Alizitoa za mbele, akazibana kwenye vaisi, akakata pingili moja na nusu kila moja kwa msumeno wa chuma. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, nimekaa kwenye kigoda nampa maji ya kupoza msumeno. Usiniulize kwa nini sikumkataza. Gari lilipendeza, sitasema uongo. Likalala chini kama paka anayevizia.

Siku ya kukutoa hospitali kila shimo la njiani nililipokea kwa mishono yangu. Baba yako alikuwa akiendesha kwa mwendo wa jeneza, akiomba radhi kila hatua kumi. Mwezi uliofuata alikwenda Pangani kwa barabara ile ya vumbi, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikagonga jiwe, oili ikamwagika yote, na yeye akadhani taa nyekundu ni waya mbovu kwa hiyo akaendelea. Injini ikakamata kabla ya kufika.

Lakini lililomuuma si injini, injini tulipata nyingine. Lililomuuma ni kwamba alipotaka kuirudisha juu hakuwa na cha kurudishia. Ukibadilisha springi, ya zamani unayo. Ukiikata, huna ya zamani wala mpya. Vile vipande viwili alivitundika msumarini nyuma ya mlango wa duka. Bado vipo. Mtoto akija kununua plagi huwa anauliza hiki nini, namwambia ni bangili za bwana wangu.

Kwa hiyo kushusha nakukubalia, kidogo, tena kwa springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zile za awali zikae nyumbani. Lakini kwanza pita nayo njia yako ya kila siku. Hesabu matuta kutoka kwako Tegeta hadi kazini, hesabu na rasta, kisha fikiria mvua ya Aprili pale maji yanapofika nusu ya tairi. Bampa ya mbele ya Altezza iko chini tayari. Shokapu mpya za urefu ule ule, pamoja na bushi mpya, zitakupa gari ambalo hujawahi kuliendesha, kwa sababu unaloliendesha sasa lina miguu ya mzee. Miguu yote minne ya gari hili ina mikono miwili, juu na chini, si kitu cha kawaida kwa gari la bei yake. Ikikaa sawasawa, kona utazikata kwa kidole.

Wenzako wanaosema usiguse, nao nawaelewa nusu. Wanasema thamani. Thamani ipi? Mnunuzi wa Dar atauliza ni namba gani, AC inapiga, imewahi kugongwa, basi. Hatakulipa senti kwa skrubu ya kiwandani. Ukitunza gari kwa ajili ya mnunuzi wa kufikirika utalifunika turubai kama mzee wa Upanga, na miaka ishirini ijayo mtoto wa mtu mwingine atamwandikia mama yake. Liendeshe. Liendeshe mwaka mzima kama lilivyo, ndipo ujue unachokitaka. Wengi walioniletea vitu vyao vya kiwandani dukani walikuwa na gari mwezi mmoja.

Mmoja alikuja na boksi la fita ya hewa la Altezza hii hii, kaweka fita ya wazi inayovuta hewa ya moto wa injini, kisa mluzi. Nililinunua kwa bei ya sigara. Baada ya miaka mitatu akarudi kulitafuta, gari linakosa nguvu kwenye foleni. Nilikuwa nimeshamuuzia mtu wa Arusha. Alikaa pale kwenye benchi akanywa soda, hakusema kitu. Taa za nyuma ndiyo usiseme. Zile za kioo cheupe zenye viduara vyekundu ndani, ulimwengu mzima ulizinakili, hata Marekani taa za namna ile wakaziita taa za Altezza kwenye magari ambayo hayajawahi kuwa Altezza. Na wenye Altezza wenyewe hapa wanazing'oa wanaweka nyeusi! Mimi najua seti mbili tu zilizo nzima. Moja iko kwako.

Redio badilisha, hiyo huna haja ya kuniuliza. Ya Kijapani inaishia 90 FM, nusu ya stesheni hutazipata, na ile ramani yake inakuelekeza barabara za Nagoya. Ila usikate waya, nunua soketi ya kati.

Na yale ya kompyuta ya kuondoa kizuizi cha kasi ya kilomita 180 kwa saa, mwache nayo. Utakwenda wapi? Mjini ni 50, na tochi ziko palepale zilipokuwa.

Jambo dogo la karatasi: ukibadilisha injini au rangi, kadi ya gari lazima ibadilishwe TRA, na kampuni ya bima ijulishwe ulichofunga kabla ya ajali, si baada. Umeweka bima kubwa, sitaki siku moja wakwambie gari waliloliandika silo lililogongwa.

Nimeweka kando seti ya bushi na mkanda halisi, mjomba wako Athumani kaniuzia kwa bei ya ndugu, yaani ghali. Jumamosi nakuja na basi la saa kumi na mbili asubuhi, nikifika nitakupigia uje unichukue, lakini uje na bajaji. Gari usiliwashe kabisa tangu Ijumaa usiku. Nataka nilisikie likiamka baridi. Mwambie na fundi wako awepo, tutaongea vizuri tu, ila msumeno auache Tabata.

Mama yako