Biskuti kwanza, tani baadaye: kwa vijana wanaoanza kazi za madaraja

Vijana wangu, kila kundi jipya likishuka saiti huuliza daraja litabeba tani ngapi. Anayeuliza biskuti ziko wapi, vile vipande vidogo vya zege vinavyoshikilia nondo mbali na fomu (mbao za kumwagia zege), hapatikani. Na hapa Unguja na Pemba nguzo inasimama kwenye mikoko, chumvi inaipiga usiku na mchana.

1. Zege halitulii likishakauka. Joseph Monier alijenga daraja la zege lenye chuma huko Chazelet, Ufaransa, mwaka 1875, na kwa miaka mingi wahandisi wakapiga hesabu kana kwamba zege likishaganda limeganda. Eugène Freyssinet akaja kuona vingine. Matao ya daraja lake la Le Veurdre, la mwaka 1912, yaliendelea kushuka katikati hata baada ya kazi kwisha, ikabidi ayanyanyue kwa jeki. Zege lenye mzigo hufupika polepole, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana alipopata hataza ya zege la nyaya za chuma zinazovutwa ili kulibana mwaka 1928, alishikilia chuma kikali. Chuma laini hurefuka kidogo tu kinapovutwa. Zege likifupika, mvuto wote umepotea.

2. Biskuti. Hapa ndipo mnaponitia uchungu. Mchoro unasema sentimita 5 za zege nje ya ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushia nondo kuu, na fundi nondo kafunga vizuri. Kisha mnapanda juu ya nondo na mabuti, biskuti zinavunjika, mtu anaokota kijiwe au kipande cha mbao anakichomeka chini. Fomu ikifunguliwa sura ni safi, kila mtu anafurahi, lakini ndani zimebaki sentimita 2 na nusu. Msidhani mmepoteza nusu ya umri. Chumvi ikihitaji kama miaka 40 kupenya sentimita 5, nusu yake itaimaliza kwa takriban miaka 10, kwa zege lile lile. Ikifika kwenye nondo kutu inaanza, na kutu huchukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilicholika, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Utaona mstari wa rangi ya kahawia umefuata nondo, halafu vipande vinadondoka. Sehemu mbaya zaidi ni pale bahari inapojaa na kupwa, na juu kidogo yake panaporukiwa na mawimbi: chumvi ipo, hewa ipo. Kwa hiyo tengenezeni biskuti kwa zege la nguvu ile ile ya nguzo, muweke moja kila mita au chini ya hapo, ncha za waya wa kufungia zikunjwe kwa ndani, na mpime kwa futi kamba kabla fomu haijafungwa.

3. Mfuko wa saruji wa kilo 50, kwa maji 0.42 ya uzito wa saruji, ni lita 21, si zaidi. Mchanga mbichi wa kilo 90 wenye unyevu wa asilimia 5 umeshaleta zaidi ya lita 4, zitoeni kwenye hizo 21.

4. Mchanga wa ufukweni hapana, hata kwa kuombwa.

5. Vaibreta, mashine ya kutikisa zege ili lishikamane, izame sentimita 10 ndani ya tabaka la zege la chini, itolewe taratibu.

6. Magunia ya kufunikia zege yabaki mabichi siku 7 kwa uchache, kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi. Kisima kikiwa karibu na pwani, pelekeni maji yake maabara kwanza.