Kwa nini mwenye narkolepsia hulegea akicheka
Mkuu, umeuliza kwa nini mdogo wako huishiwa nguvu magotini akicheka, ilhali anasikia kila kitu. Maelezo yako yanafanana na katapleksia (misuli kulegea ghafla mtu akiwa na fahamu), ambayo mara nyingi hudhaniwa kifafa. Ni dalili ya narkolepsia, ugonjwa wa usingizi kumvamia mtu mchana. Mwaka 1998 timu mbili, mojawapo ya Masashi Yanagisawa huko Texas, ziligundua oreksini, kemikali ya haipothalamasi (sehemu ya ndani ya ubongo) inayoshikilia swichi ya kuwa macho isirukeruke. (Timu ya Yanagisawa ilidhani kazi yake ni kuleta hamu ya kula, ndiyo asili ya jina.) Mwaka 1999 mtafiti Emmanuel Mignot wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba mbwa wenye narkolepsia wana kipokezi kibovu cha oreksini (sehemu ya seli inayoipokea); kwa binadamu, seli zinazoitengeneza ndizo hupotea. Hapo ule ulegevu wa misuli wa usingizi wa ndoto huvamia mchana, na kicheko huufungulia mlango.

Kipimo: alale usiku angalau saa 6, kisha apimwe vipindi 4 au 5 vya kulala mchana, kila baada ya saa 2. Wastani wa kusinzia ndani ya dakika 8, na kuingia usingizi wa ndoto mara 2, huashiria narkolepsia. Dawa za sonona huvuruga majibu kwa kuzuia usingizi huo. Daktari huzisitisha takribani wiki 2 kabla. Asiziache mwenyewe ghafla: dawa hizo pia huzuia katapleksia, na zikikatwa ghafla hurudi kwa kishindo.