Ukienda Unguja na watoto wadogo, uliza maji kwanza

Wenzangu wa Dar wakisikia tunavuka kwenda Unguja na watoto ambao hata darasa la kwanza hawajafika, swali lao la kwanza huwa bei ya hoteli. Mimi huuliza kwanza habari za maji. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, bahari ikipwa hukimbia mbali kweli, hadi akina mama wa mwani unawaona kule wakiinama kwenye mashamba yao. Mtoto aliyeahidiwa kuogelea baada ya chai atasimama ufukweni na boya lake kiunoni akitaka kujua nani kaondoa maji. Jaribu kumweleza habari za mwezi akiwa analia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, na bahari haiendi mbali. Usipoelewa, muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutazama simu.

Kwetu bamvua ndiyo bora. Asubuhi watoto wanatembea kwenye vidimbwi wakitafuta kaa na viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, mchana wanalala, na wakiamka jua limeanza kupoa na maji yamewafuata. Wavalishe yeboyebo zenye mkanda nyuma, maana matumbawe yanakata na kuna viumbe vya miiba myeusi visivyo na huruma na nyayo. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaendi mbali hivyo. Ni kuzuri, sikatai. Ila kuna pilikapilika nyingi, na mwenye mtoto wa kulala mchana anathamini ukimya kuliko muziki.

Kuvuka kwenyewe, boti za kasi huchukua kama saa mbili kutoka Dar. Likizo ya Juni huangukia msimu wa kusi, na mkondo huchafuka. Kaa ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma, hata kama watoto wanalilia madirisha ya mbele. Wape mkate mkavu au kiazi cha kuchemsha, maziwa yasubiri nchi kavu. Dawa ya kichefuchefu muulize mfamasia mapema, kwa umri na uzito wa mtoto. Beba nguo za kubadilisha za mtoto na zako pia. Watu husahau kwamba mtoto anatapika juu ya mtu. Vyeti vya kuzaliwa viwe kwenye mkoba, visiwe kwenye begi lililokwenda na wapagazi.

Sasa ratiba. Ukifika utauziwa Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, msitu wa Jozani na pomboo, vyote kwa siku mbili. Mtoto wa miaka mitatu chukua kimoja kwa siku, tena asubuhi. Ningekuwa na nafasi moja tu ningekwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa, maana kobe hakimbii, na mtoto anaweza kumlisha majani kwa kasi yake mwenyewe. Kima punju wa Jozani hawapatikani porini popote duniani nje ya Zanzibar. Wangu waliwatazama kidogo, kisha wakahamia kwa siafu. Bado tulifurahi.

Chakula kisikusumbue. Beba unga wa lishe na chupa ya chai, uwaombe watu wa jikoni kwa adabu. Sijaona mpishi wa Unguja aliyekataa kumpikia mtoto uji. Pakiti za ORS za mtoto akiharisha, dawa ya homa na kipimajoto vitoke nyumbani.

Jambo ambalo familia nyingi hulikwepa ni dada wa kazi. Ukienda naye, sema mapema kama yuko kazini au mapumzikoni. Kama yuko kazini, mlipe, na awe na saa zake za kwenda ufukweni bila mtoto mgongoni. Nimeona likizo za watu zikichacha kwa sababu mama kakaa kwenye kiti cha ufukweni na dada kakaa chumbani na nepi. Sisi siku hizi tunamwacha aende kwao, tunagawana zamu na baba watoto.

Na hapo ndipo nilipopata faida ambayo sikuitarajia. Dar, baba watoto anaondoka alfajiri kuiwahi foleni, anarudi wamelala. Kule akawa ndiye mtu wa vidimbwi, wa kuosha mchanga, wa kutenganisha ugomvi wa ndoo. Baada ya siku kadhaa mdogo aliamka usiku analia, akamwita baba. Nilijifunika shuka nikageukia ukutani.

Tiketi ya kurudi kata ya Jumamosi, usidanganywe na usiku mmoja wa nyongeza. Jumapili ni ya kufua, na nguo zote za pwani zikung'utwe nje kabla hazijaingia kwenye mashine.