Barua kwa mwanangu: uliposaini ukiwa wa tano

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Baba yako anakusalimu, hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua.

Ujumbe wako umeninyima usingizi. Umeniambia uliwekwa kwenye kamati ya kupokea bidhaa, yakaletwa magodoro ya bweni, na wote mkaona ni membamba kuliko sampuli. Mwenyekiti akasema mzigo uko sawa, mkubwa anasubiri taarifa, akatia saini. Akafuata wa pili, wa tatu, wa nne. Karatasi ilipofika kwako, nawe ukatia. Sasa unaniuliza: “Mama, mimi ni mwoga, au binadamu wote ndivyo tulivyo?”

Sitakudanganya ili upoe. Saini ni yako, na mtoto atakayelalia godoro lile hatajua kama ulikuwa wa kwanza au wa tano. Lakini naona unalitafuta jibu moyoni mwako peke yake, na sehemu kubwa ya jibu ilikuwa pale mezani mlipokaa.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifundisha Marekani, alichapisha jaribio moja. Watu wanakaa chumbani, wanaonyeshwa mstari mmoja, halafu mitatu, waseme upi kati ya hiyo mitatu una urefu sawa na ule wa kwanza. Mtoto wa chekechea angeweza. Kumbe wote mle ndani walikuwa wamepangwa, isipokuwa mmoja, naye aliwekwa ajibu karibu na mwisho. Wenzake wakataja kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, mstari usio wenyewe. Katika raundi hizo za uongo, zaidi kidogo ya theluthi ya majibu ya yule mtu yaliwafuata wenzake. Watu watatu kati ya kila wanne waliwafuata angalau mara moja. Walipoulizwa baadaye, wengine walisema waliyatilia shaka macho yao. Wengine walijua kabisa, ila hawakutaka kuonekana wa ajabu.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, wakahitimisha kwamba binadamu ni kondoo. Mimi siafiki. Karibu theluthi mbili ya majibu yalibaki ya kweli, na robo ya watu hawakuyumba hata kidogo. Tena Asch alipomweka mwenzi mmoja tu wa kusema kweli, wengine wote wakiwa bado upande wa uongo, makosa yaliporomoka hadi kama matano katika mia. Na watu walipoandika majibu badala ya kuyatamka mbele za wenzao, kufuata mkumbo kulipungua sana. Hizo ndizo habari ninazotaka uzishike.

Hili la amri ya mkubwa nalijua kwa karibu zaidi, maana nimefanya kazi wodini ujana wangu wote. Mwaka 1966 daktari wa magonjwa ya akili Charles Hofling na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali, hukohuko Marekani. Mtu alipiga simu wodini, akajiita daktari kwa jina ambalo muuguzi hakulijua, akaagiza mgonjwa apewe miligramu 20 za dawa fulani. Chupa yenyewe iliandikwa wazi kwamba mwisho kwa siku ni 10. Dawa haikuwamo kwenye orodha ya wodi, na kanuni ilikataza kupokea agizo la dawa kwa simu. Wauguzi 21 kati ya 22 walikuwa tayari wanakwenda kuitoa walipozuiwa. Vidonge vilikuwa vya sukari tu, mgonjwa hakudhurika, lakini kila nikikumbuka idadi hiyo mwili unanisisimka. Naijua sauti ya daktari aliyechoka kwenye simu. Haikupi nafasi ya kuuliza.

Mwaka 1977 watafiti wengine walirudia kwa namna nyingine: dawa iliyotumika ilijulikana, na muuguzi alikuwa huru kuongea na wenzake. Kati ya 18, wawili tu ndio waliokuwa tayari kuitoa. Siamini kwamba hawa wa pili walizaliwa na ujasiri kuliko wale wa kwanza. Walikijua walichokishika mkononi, na walikuwa na wa kumuuliza. Kwa sababu hiyohiyo dawa za hatari wodini kwetu tulizipima wawili, mmoja anasoma agizo, mwingine macho kwenye chupa. Wanafunzi walidhani tunapoteza muda.

Umenitajia pia jaribio la mwanasaikolojia Stanley Milgram mlilofundishwa chuoni, watu 26 kati ya 40 walioendelea kubonyeza swichi za kumpiga mtu mwingine umeme hadi volti 450, umeme wa uongo wasioujua kuwa wa uongo, kwa kuwa tu msimamizi aliwaambia waendelee. Je, waliwafundisha na lile la wenzao wawili waliogoma? Mtu alipokaa pembeni ya waliogoma, 36 kati ya 40 waliacha kabla ya kufika mwisho.

Tulikulea kwa “asiyesikia la mkuu huvunjika guu,” na sijutii. Nahodha anayeijua bahari akisema leo ngalawa haitoki, haitoki. Ila mwenyekiti wako hakulijua godoro kukuzidi, mlilishika wote. Na kumuuliza mkubwa si kumvunjia heshima. “Samahani mwenyekiti, tulilinganishe na sampuli kwanza, kisha tusaini.” Hapo adabu imepungua wapi?

Sasa nirudi kwenye jambo ulilolipitia haraka mno. Umesema mtunza stoo alilibonyeza godoro kwa vidole, akakutazama, kisha akainama akasaini. Mwanangu, huyo ndiye aliyekuwa mwenzako. Mlikuwa wawili mezani, kila mmoja akijiona yuko peke yake.

Mtafute kabla mzigo haujagawiwa. Mwite pembeni, muulize aliona nini, kisha unyamaze umsikilize. Akikubali, pimeni kwa rula unene wa sampuli na wa magodoro, mwandike dokezo lenye vipimo na tarehe, mkiri humo kwamba mlisaini na kwamba mnaomba ukaguzi urudiwe. Msiandike nani kala fedha, hilo hamlijui. Muweke saini wote wawili, mbaki na nakala. Akikataa, andika peke yako. Itakuwa nzito zaidi, sikufichi. Na kamati ikikaa tena, omba kila mjumbe ajaze maoni yake kwenye karatasi kabla mwenyekiti hajafungua mdomo.

Baba yako anahofia kibarua chako, na hofu yake ni ya haki. Tumelizungumza. Lolote likitokea, chumba chako kipo na hatutakuuliza kwa nini umerudi.

Nipigie ukishaonana na mtunza stoo, hata kama ni usiku.

Mama yako