Sindano za kuamsha kolajeni usoni
Dada, umeuliza kama ukiwa na miaka 45 ufanyiwe saluni ile tiba ya sindano ndogondogo usoni. Tiba yenyewe ni ya kweli: vijeraha vidogo huifanya ngozi ijitengenezee kolajeni mpya (protini inayoipa ngozi uimara), na matokeo huonekana baada ya miezi, si siku. Ila saluni, hapana! Nenda kwa daktari wa ngozi. Mweleze kama makovu yako huvimba, na kama umewahi kupaka krimu za kujichubua, maana baadhi zina steroidi, dawa inayoikondesha ngozi. Ngozi zetu nyeusi zikijeruhiwa hubaki na madoa kirahisi. Kwa sasa paka losheni ya kukinga jua kila asubuhi, kwani jua huvunja sana kolajeni.