Kununua nyumba Uingereza: wakili awe kwenye orodha ya benki yako kabla hujalipia upekuzi (searches)

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: umepata nyumba ya £280,000 Leicester, broka amekutafutia mkopo, dalali anakusukuma kwenye ofisi yake ya sheria, rafiki anakuelekeza kwenye nyingine ya bei poa, na hujui benki itaikubali ipi. Ninayoyasema ni ya England. Wales taratibu za mawakili na benki ni hizi hizi ila kodi ni tofauti, na Scotland wana sheria zao.

Anza kwa kutenganisha orodha mbili ambazo watu huzichanganya. Dalali akikuambia "hawa wako kwenye paneli yetu", anazungumzia paneli ya kampuni yake, yaani ofisi anazozipelekea wateja, mara nyingi kwa kamisheni. Paneli ya mkopeshaji ni orodha ya ofisi ambazo benki imeziruhusu ziiwakilishe. Ofisi inaweza kuwa kipenzi cha dalali na benki yako isiitambue. Na hulazimiki kutumia ofisi ya dalali, hata akikwambia ndiyo itakayoharakisha mambo.

Benki inajali kwa sababu wakili huyo mmoja kwa kawaida anabeba kofia mbili: anakuwakilisha wewe na anaiwakilisha benki. Ndiye anayekagua umiliki, anayeithibitishia benki kwa maandishi kwamba dhamana ni safi, anayepokea pesa za mkopo kwenye akaunti ya wateja, na anayesajili nyumba na rehani Land Registry, yaani ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi. Masharti ya kazi hiyo yako kwenye mwongozo wa UK Finance (chama cha mabenki na wakopeshaji), ambao mtu yeyote anaweza kuusoma mtandaoni bure: Sehemu ya 1 ni ya wakopeshaji wote wanaoutumia, Sehemu ya 2 kila mkopeshaji anaweka yake. Soma Sehemu ya 2 ya benki yako hata kama hutaielewa yote. Humo ndimo utakuta lizi (umiliki wa miaka maalumu, kama ulivyo kwa fleti nyingi) inatakiwa ibaki miaka mingapi, au arubuni uliyopewa kama zawadi inashughulikiwaje.

Kuwa na leseni peke yake hakumwingizi mtu kwenye paneli. Solisita (wakili wa kawaida) anasimamiwa na mamlaka iitwayo SRA, konveyansa mwenye leseni (mtaalamu wa uhamisho wa nyumba tu) anasimamiwa na mamlaka iitwayo CLC, na wote wawili wanaruhusiwa kisheria kufanya kazi hii. Lakini baadhi ya benki zinawataka masolisita wawe pia na CQS, cheti cha ubora wa kazi za nyumba kinachotolewa na Law Society, chama cha masolisita, na baadhi hazipokei ofisi ya wakili mmoja. Ofisi huondolewa pia: imepeleka kazi chache mno kwa benki ile, imebadili jina, imeungana na nyingine, au bima yake ina kasoro. Kwa hiyo "walimfanyia shemeji yangu mwaka juzi, benki hiyo hiyo" si ushahidi.

Namna ya kuhakikisha: chukua jina kamili la ofisi lililosajiliwa, namba yake ya SRA au CLC, na anwani ya tawi litakaloshika faili lako. Hapo kwenye tawi ndipo wengi wanapoteleza. Wakopeshaji wengi wana sehemu ya kutafuta wakili kwenye tovuti zao. Asiye nayo, broka amuulize. Kisha iandikie ofisi barua pepe, uitaje benki kwa jina: "Je, tawi lenu la mahali fulani liko leo kwenye paneli ya mkopeshaji huyu, na mtatuwakilisha sote wawili, mimi na benki?" Jibu liwe la maandishi. "Tuko kwenye paneli za benki zote kubwa" halijajibu swali lako. Na broka akibadilisha mkopeshaji katikati ya safari, jambo ambalo ni la kawaida riba zikiyumba, uliza upya.

Ukichelewa kugundua kwamba ofisi yako haimo kwenye paneli ya benki, una njia mbili na zote zinauma. Ya kwanza, benki inateua wakili wake, wewe unabaki na wako, na gharama za wote wawili zinakuangukia. Kila karatasi itapita mikono miwili, na kuna benki zisizokubali mpango huo kabisa. Ya pili, unahamisha faili kwenda ofisi nyingine na kulipia kazi iliyokwisha kufanyika. Huku saa inakimbia: upekuzi, yaani maulizo rasmi kuhusu nyumba kwa halmashauri, maji na mazingira, kwa kawaida usiwe umepita miezi 6 siku ya kukamilisha ununuzi, na ofa ya mkopo nayo ina tarehe ya mwisho. Ndiyo maana nasisitiza swali la paneli liulizwe kabla ya kulipia upekuzi.

Kama ni fleti, ongeza swali moja: mnashughulikia lizi, na majengo yanayoguswa na Building Safety Act (sheria ya usalama wa majengo) ya 2022, yaani ya mita 11 au ghorofa tano kwenda juu? Zipo ofisi zilizomo kwenye paneli ambazo hazigusi majengo hayo, na wengine hukwambia baada ya kufungua faili.

Sasa yanayotuhusu hasa sisi wa Afrika Mashariki. Wakili lazima ajue pesa imetoka wapi, na benki inamtaka aitaarifu kama arubuni haitoki mfukoni mwako. Mzee akikutumia mchango kutoka Mombasa au Mwanza, watataka kitambulisho chake, taarifa zake za benki, na barua kwamba ni zawadi, hairudishwi, na hadai haki yoyote kwenye nyumba. Pesa ya chama au mchezo ndiyo ngumu kuliko zote: kwa mtazamo wa wakili ni kitita kilichoingia siku moja kutoka kwa mtu asiyejulikana. Andaa katiba ya chama, orodha ya zamu, na miamala ya michango yako mwenyewe. Kenya iliwekwa kwenye orodha ya uangalizi ya FATF (chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha) Februari 2024, na ofisi nyingi zikaongeza ukaguzi wa pesa zitokazo huko. Uliza mapema kama wanapokea fedha kutoka Afrika Mashariki, maana baadhi hukataa moja kwa moja.

Kodi ya stempu nayo, yaani kodi ya serikali unayolipa ukinunua nyumba. Kwa viwango vya kuanzia 1 Aprili 2025, mnunuzi wa mara ya kwanza wa nyumba hiyo ya £280,000 halipi kitu. Lakini "mara ya kwanza" ni duniani kote: nyumba uliyorithi Tanga inakutoa kwenye msamaha, na hapo unalipa £4,000. Na kama bado unayo, na sehemu yako inafika £40,000, unaongezewa asilimia 5 ya bei yote, yaani £14,000 juu yake. Nyumba ya mwenzi wako wa ndoa inahesabiwa hata kama jina lake halimo kwenye ununuzi. Kiwanja kitupu hakihesabiwi. Mwambie wakili ukweli wote, kwani fomu ya kodi inajazwa kwa jina lako.

Anayekwenda kwa mpango wa Kiislamu usio na riba atafute wakili aliyewahi kuushughulikia, kwa sababu benki ndiyo inayonunua kisha wewe unapanga na kununua hisa zake kidogo kidogo. Msamaha wa kodi unaozuia kulipa mara mbili lazima uombwe kwa usahihi.

Kuhusu bei, ofisi za SRA zinatakiwa kuonyesha gharama zao kwenye tovuti. Linganisha jumla, si ada ya juu peke yake: ada ya kuiwakilisha benki, nyongeza ya lizi, kukagua zawadi, kutuma pesa, na VAT.

Namba ya akaunti ya kupelekea arubuni ichukue mwanzoni kabisa, kwa simu uliyoipiga mwenyewe kwa namba iliyoko kwenye rejista ya SRA au CLC. Barua pepe ikija karibu na siku ya kukamilisha kusema akaunti imebadilika, usitume hata pauni mpaka uwe umepiga tena namba ile ile.