Uvimbe wa kaakaa: kipimo cha nyama hakiamshi saratani

SWALI: Daktari, nina uvimbe mgumu kwenye kaakaa, upande wa kulia. Umekua polepole kwa miaka miwili na hauumi. Ulishatumbuliwa kama jipu, haukutoa usaha. Sasa hospitali wanataka kukata kinyama wakapime. Naambiwa saratani ikiguswa na kisu inaamka. Nikubali?

JIBU: Kubali, tena usiahirishe. Maneno hayo ya kisu nayasikia kila mara, na yamewacheleweshea wengi matibabu. Saratani hailali ikingoja kuamshwa. Wanaosema iliamshwa na kisu huwa wamemwona mtu aliyekubali kupimwa akiwa ameshachelewa. Ugonjwa ulikuwa umesambaa kabla kisu hakijamgusa.

Kinywani mna tezi ndogo za mate kati ya 600 na 1,000. Vimbe zake hupenda zaidi kaakaa, na takriban nusu yake ni saratani. Kutouma si dalili ya usalama, kwani hata saratani za tezi hizi huweza kukua miaka bila maumivu. Kwa macho tu, hata mimi siwezi kuzitofautisha.

Kinyama hukatwa kwa sindano ya ganzi, katikati ya uvimbe, ili kovu lake liondolewe pamoja na uvimbe wenyewe baadaye. Majibu ndiyo yanayoamua upasuaji uwe mkubwa kiasi gani. Adenoma ya pleomofiki, aina mojawapo ya uvimbe wa tezi za mate, si saratani, lakini ikichomolewa tu bila kuchukua ukingo wa nyama yenye afya inayoizunguka, huweza kurudi. Saratani hutaka ukingo mpana zaidi, pengine pamoja na mfupa, na mionzi hasa ikiwa imefuata mishipa ya fahamu. Tundu likibaki kwenye kaakaa, hutengenezewa bamba la kuliziba, ukala na kuongea.

Anayenikasirisha ni mtu anayetumbua kitu asichokijua. Hakuna usaha, bado anaandika antibayotiki, kozi baada ya kozi. Wengine wanauza unga wa kuunguza uvimbe. Unga huo huua nyama ya juu tu, chini uvimbe unaendelea kukua, na sampuli ikifika maabara mtaalamu wa patholojia anakuta nyama iliyooza isiyosomeka. Miezi imepotea, na pesa pia. Yeyote anayetaka kuutumbua, kuuchoma au kuupaka chochote kabla ya majibu ya maabara, mkatalie, hata kama ana koti jeupe.